Mifugo Midogo ya Ngwilani

Ilikuwepo nchi, na wanaokwenda na kurudi wanaapa kwamba ingalipo, ikiitwa Jamhuri ya Turidhike. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani za nchi hiyo huchorwa upya kila mwaka ili zilingane na hotuba, na mwaka wa kisa hiki mchoraji alikuwa likizo.

Ndani ya nchi hiyo kulikuwa na mtumishi wa Serikali aitwaye Chogero, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu panya. Usicheke, kazi ni kazi. Kila mwezi, kwa siku tatu mfululizo, alitega mitego mia moja ya sanduku: hamsini katika mashamba ya mahindi ya kijiji cha Ngwilani, hamsini ng'ambo ya kijito, kwenye bonde la malisho. Chambo chake kilikuwa pumba iliyokandwa kwa siagi ya karanga. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alipita mtego kwa mtego, akampima kila panya kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, akaandika kama ni jike au dume, kama ana mimba au hana, kisha akamwachia aende zake. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Wizarani walimwita Bwana Panya, na wanawe walipokuwa shuleni walisema baba yao ni seremala.

Miaka yote hiyo ilimfundisha mambo mawili matatu. Mahali ng'ombe walipolishwa mpaka nyasi zikawa fupi, panya shamba hawana pa kujificha na kipanga, basi huwa wachache na waoga. Nyasi zikifika magotini, hujenga viota. Na mvua ikinyesha miezi isiyo yake, majike hushika mimba mapema, hata wakulima wakifika shambani na majembe yao, wajukuu wa panya wameshakuwa bibi. Chogero aliyaandika hayo kila mwaka katika ripoti, na kila mwaka Wizara ilimjibu kwa barua ya kumtakia heri ya mwaka mpya.

Ngwilani hakukuwa kituo cha kazi tu. Ndiko alikolelewa, na shangazi yake Bi Semeni, baada ya mama yake kufariki. Bi Semeni ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa kijiji. Desturi ya pale ilikuwa hivi: baada ya mavuno kila nyumba ilichagua mahindi yake bora, ikayapeleka kwenye kihenge kimoja kilichokandikwa udongo, chini ya mwanamke mmoja. Mwanamke huyo hakula hata punje ya kihenge hicho, njaa iwe kali namna gani, na hakuna aliyepanda mbegu isiyotoka mkononi mwake. Ngwilani walikuwa wamepita ukame mara tatu kwa desturi hiyo. Kihenge kikiwa na kitu, kijiji kipo.

*

Sasa ikatokea kwamba Mheshimiwa Lugwisha, Waziri wa Mifugo, Malisho na Mandhari, alipita barabara ya Ngwilani akiwa na mgeni kutoka nje. Mgeni akachungulia dirishani akauliza kwa nini bonde lile lina upara. Waziri alikuwa amepita pale mara arobaini bila kuliona bonde. Kuanzia siku ile hakuona kitu kingine.

"Ndugu wananchi," alihutubia wiki iliyofuata, amesimama juu ya jukwaa lililojengwa katikati ya malisho, "nyasi nazo zina haki ya kusimama! Haiwezekani katika nchi huru jani lichomoze asubuhi na ifikapo jioni limo tumboni mwa ng'ombe! Bonde limechoka. Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha bonde. Bonde litapumzika!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu askari walikuwa wameanza kupiga.

Wafugaji wakapewa siku saba kuhamia eneo mbadala, ambalo lilikuwa limeonyeshwa vizuri sana kwenye ramani ambayo haijachorwa. Chogero alikwenda kuwaaga. Mzee Lemburo, aliyezaliwa bondeni na kuzika wazazi wake humo, alikuwa akifunga kamba mzigo wa mwisho juu ya punda.

"Tunaondoka, Bwana Panya," alisema bila kugeuka. "Lakini bonde hili halijawahi kukaa bila wenyewe. Ukiona nani amehamia, utuletee habari."

Chogero alitaka kucheka, akakuta kicheko hakipo.

Mvua za vuli zikaja. Kwa kawaida hunyesha wiki tatu zikaaga. Mwaka ule zilinyesha Novemba, zikanyesha Desemba, zikaukuta mwaka mpya zikiwa bado zinanyesha. Nyasi zikapanda magotini, zikapanda kiunoni. Maboma yaliyoachwa yakafunikwa, hata miiba ya zizi ikawa haionekani. Waziri akatumiwa picha, akazitundika ofisini.

Mwezi wa kumi na moja mitego mia ilikamata panya watatu. Mwezi wa kumi na mbili kumi na tisa. Januari hamsini na wanane. Februari mitego tisini na saba ilikuwa imefungwa, na katika minne kulikuwa na panya wawili wawili, wamebanana, kila jike na tumbo lake.

Hesabu haikumtisha Chogero, hesabu aliizoea. Kilichomtisha ni asubuhi moja, jua limeshatoka vizuri, aliposimama katikati ya lililokuwa boma la Mzee Lemburo kufuta umande kwenye daftari. Hakukuwa na upepo. Nyasi zilikuwa zikitikisika. Zilitikisika kuanzia kwenye njia ya kwenda kijitoni mpaka zizini, kwa mstari ule ule ambao ng'ombe walikuwa wakiupita kwenda kunywa, na chini yake kulikuwa na sauti ya kutafuna, ndogo, isiyopumzika. Alijua kabisa ni nini. Yeye ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote katika Jamhuri. Hata hivyo nywele za shingoni zilimsimama, akaondoka bila kumaliza mstari.

Kijijini walikuwa na maelezo yao. Walisema ng'ombe wa Lemburo walikataa kuhama, kwa hiyo wamerudi vipande vipande.

*

Chogero akaandika ripoti ya dharura. Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingeweza kulifanya hata akifundishwa.

Fomu za kuhesabia panya zilikuwa zimekwisha miaka minne iliyopita. Tangu hapo alitumia fomu ya mifugo, ambayo kichwa chake kilisomeka *Idadi ya Wanyama Wanaotegemea Malisho*, akikata neno "mifugo" kwa kalamu na kuandika "panya" juu yake. Lakini mwezi ule ulitoka waraka kwamba kukata maandishi ya Serikali ni kuikata Serikali. Chogero, mtu wa kufuata waraka, hakukata. Alijaza idadi, akapiga hesabu ya bonde zima, ikafika milioni nne na ushee. Kisha kwenye safu ya mwisho kabisa, ile ya maoni, akaandika kwa herufi kubwa kwamba hawa ni panya, kwamba watu wasipande bado, na kwamba ng'ombe warudishwe bondeni haraka waishushe nyasi.

Katika Jamhuri ya Turidhike hapakuwahi kutokea msomaji aliyefika safu ya mwisho.

Siku ya nne alikuwa kwa shangazi yake akinywa uji, redio ikatangaza. Bonde la Ngwilani, lililopumzishwa kwa hekima ya Mheshimiwa Waziri, limezalisha mifugo milioni nne katika miezi minne, bila ruzuku, bila josho, bila hata mchungaji. Wataalamu wamethibitisha. Ili kulinda mafanikio hayo ni marufuku kuanzia leo kuipiga, kuitega, kuitilia sumu au kuishtua mifugo midogo ya Ngwilani.

Bi Semeni alizima redio taratibu.

"Mifugo gani hiyo?" aliuliza.

Chogero alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu.

*

Makao makuu ya Wizara alipokelewa kwa maua. Katibu Mkuu, Bi Rukonge, mama mwenye sauti ya upole na miwani ya kuning'inia kifuani, alimkaribisha kiti mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, shujaa wetu!"

"Mama, kuna kosa kubwa limetokea. Wale si mifugo. Wale ni panya."

Bi Rukonge aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Nani amekwambia hatujui?" alisema. "Safu ya mwisho niliisoma mimi, saa nne asubuhi. Redio ilitangaza saa tatu."

"Basi tusahihishe."

"Kusahihisha tangazo la Waziri kunataka saini ya Waziri kwamba Waziri amekosea. Fomu yake haijawahi kuchapwa." Alivaa miwani. "Na hebu niambie, Chogero, kama mtaalamu. Wana miguu minne?"

"Wanayo."

"Wanategemea malisho? Wanazaa?"

"Mama, wanazaa mno."

"Ng'ombe gani wa nchi hii anatimiza masharti vizuri hivyo?"

Chogero alisahau adabu, akapandisha sauti. Alimweleza kwamba masika yako mlangoni. Watu wakipanda, panya watafukua mbegu yote kabla haijaota. Ng'ombe wakirudishwa wiki hii nyasi zitashuka, vipanga na bundi watafanya kazi yao, na mbegu itapona. Baada ya wiki mbili hakutakuwa na dawa.

Bi Rukonge alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mama yangu mzazi analima kilomita kumi kutoka Ngwilani. Unafikiri nalala?"

Halafu akamsogezea barua. Chogero alikuwa amepandishwa cheo, Mhesabu Mkuu wa Mifugo Midogo, naye alitakiwa asaini kuthibitisha takwimu. Alijiambia yale ambayo kila mtumishi wa Turidhike hujiambia: nikikataa ataletwa mwingine asiyejua lolote, afadhali niwemo mimi. Akasaini. Aibu ilimpanda usoni hapo hapo, akiwa bado ameshika kalamu, na haikumtoka tena.

*

Masika yalipogonga, Ngwilani walipanda. Wangefanya nini? Chogero alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wasubiri, nao wakamwonyesha mawingu. Bi Semeni aliwapimia mbegu kibaba kwa kibaba, kama ilivyo desturi, akiwaombea kila mmoja heri.

Asubuhi ya tatu Chogero aliingia shambani. Kwenye kila mstari, mahali palipofukiwa mbegu, palikuwa na kishimo kidogo safi, kama kilichofanywa kwa kidole. Alifuata mstari mpaka mwisho akarudi na mwingine. Hawakuruka hata shimo moja. Mkulima mmoja, Mkude, alisimama katikati ya shamba lake akiwa ameshika jembe.

Wakarudi kwa Bi Semeni, akawapimia mara ya pili. Mara ya pili nayo ikaliwa. Mkude alipowakuta panya mchana kweupe wakifuata mstari nyuma yake kadiri alivyopanda, alishindwa kuvumilia, akawaua kumi na mmoja kwa mpini. Alishtakiwa kwa kuchinja mifugo ya Taifa bila kibali, nje ya machinjio, nyama isiyokaguliwa. Hakimu alisikitika sana, akampa miezi sita. Paka wa kijiji wakatangazwa kuwa wanyama wakali, wakapakiwa kwenye lori, wakaonekana mara ya mwisho wakichungulia kupitia wavu. Na askari wawili wa mifugo wakaletwa kulinda.

Jioni ile Chogero alimkuta shangazi yake ameketi mlangoni pa kihenge, fimbo mapajani.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayewahesabu hawa?"

"Ndiye mimi, Shangazi."

"Na Serikali inajua wako wangapi?"

"Inajua."

Bi Semeni aliigeuza fimbo mapajani. "Mimi nilikuwa najipa moyo," alisema, "kwamba hawajui."

Chogero akamwambia kila kitu, fomu, maua, cheo, saini. Alilia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Bi Semeni hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu kwamba mbegu iliyobaki ni ya kupanda mara moja, na kwamba haitatoka humo mpaka nyasi za bonde zilale.

Kwa hiyo panya wakaifuata humo. Bi Semeni alipoinua fimbo askari wakamkumbusha sheria: ni marufuku kupiga, na ni marufuku kupiga kelele, maana mifugo ikishtuka hutoa mimba. Walifungua kitabu cha kanuni kutafuta kama kuna kinachoruhusiwa, wakaona kuwasihi hakujakatazwa. Walikuwa vijana wenye heshima. Walimletea kigoda.

Basi aliwasihi. Siku kumi na moja mwanamke yule aliketi pale akizungumza na panya, mchana kutwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na wageni waliozidisha siku. Aliwatajia nyumba moja moja za Ngwilani na wanaoishi humo. Aliwaambia nani mjamzito, nani ana watoto sita, nani ni mjane. Wao walipita juu ya miguu yake wakaendelea na safari yao, na ndani ya udongo wa kihenge ikasikika ile sauti ya kutafuna. Watu waliokuwa wakipita walianza kuzunguka njia nyingine ili wasimsikie. Chogero alikuja kila siku, akaketi karibu naye.

Siku ya kumi na mbili ukuta wa kihenge ulibomoka wenyewe. Ndani kulikuwa na makapi.

Nyumba zikaanza kuondoka. Waliokuwa na ndugu mbali waliaga. Wasiokuwa na ndugu hawakuaga, uliona tu asubuhi mlango umefungwa kwa kamba na jiko halifuki. Bi Semeni alikataa kwenda. Alisema aliyeshindwa kutunza mbegu ya watu hana uso wa kwenda kuomba chakula chao.

*

Kisha panya nao wakaisha. Chogero alijua wataisha, ndivyo inavyokuwa siku zote. Mashamba hayana kitu, mvua imekatika, nyasi zimekauka na kulala chini, vipanga wamejaa angani. Mwezi wa sita mitego mia ilikamata saba, wamekonda, manyoya yamewatoka. Mwezi wa saba aliifungua yote mia akaikuta kama alivyoitega, chambo juu. Alisimama tena kwenye boma la Lemburo akasikiliza. Hakusikia kutafuna, wala kengele ya ng'ombe, wala mlio wa kinu kutoka ng'ambo. Alitamani ile sauti irudi. Alijistaajabia kwa kutamani hivyo.

Mwezi huo huo, Siku ya Mifugo, akaja Waziri na magari kumi na mbili na bendi ya matarumbeta, kukabidhi Ngwilani ngao ya kijiji bora cha ufugaji. Jukwaa likajengwa. Bendi ikapiga. Waziri akahutubia nyumba tupu kwa nusu saa, akizipongeza kwa utulivu wao.

"Na sasa namwomba mwakilishi wa wafugaji aje apokee!"

Hakutokea mtu. Chogero, aliyekuwa mstari wa mbele kwa sababu ya cheo chake, aliona miguu yake imesimama kabla yeye hajaamua.

"Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti kikamchukua mpaka bondeni, "walikuwa panya. Tangu mwanzo. Nilijua, nikasaini."

Bendi iliacha kucheza na vyombo vyao. Bi Rukonge alitazama chini. Waziri hakukasirika hata kidogo, alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali rahisi.

"Panya? Nionyeshe mmoja."

Chogero akageuka kutazama bonde, akageuka kutazama mashamba. Waziri akatazama naye, huku na huku, kwa subira kabisa. Wote walitazama. Hakukuwa na kitu kilichotikisika popote.

"Basi hakuna tatizo," alisema Waziri.

Hapo ndipo mlango mmoja ulipofunguliwa, akatoka Bi Semeni. Alitembea polepole akishika kuta za nyumba za watu. Wapiga picha wakafurahi, wakamkimbilia. Waziri akashuka jukwaani mwenyewe, akampa ngao, akaona mikono yake haiwezi kuishika, akaishika kwa niaba yake.

"Mama, umeiletea nchi heshima. Omba chochote. Serikali yako inakusikiliza."

"Naomba nihesabiwe," alisema Bi Semeni.

"Samahani, Mama?"

"Wale walihesabiwa, wakaletewa askari wa kuwalinda. Wakaletewa sheria wasipigwe. Mimi niko hapa tangu niko binti, na watu wangu walikuwa hapa, na hakuna aliyekuja na daftari. Nami naomba niandikwe, popote pale mlipowaandika wao."

Waziri akapiga makofi, na wote wakapiga. Alisema ameguswa sana. Akamwamuru Chogero amwandike hapo hapo, mbele ya kamera, na Chogero akaandika. Matarumbeta yakalia. Magari yakaondoka moja baada ya jingine, ngao ikiwa ndani ya la mwisho, kwa ajili ya usalama wake.

Vumbi lilipotua Bi Semeni alikuwa ameketi chini, pale pale walipomwacha.

"Nisomee ulichoandika."

"Ngwilani. Mtu mmoja."

Alilifikiria hilo. "Na wewe?"

"Mimi ni mhesabu, Shangazi. Mhesabu hajihesabu."

"Andika wawili, mwanangu," alisema Bi Semeni. "Mmoja hawezi kujizika."

Chogero akaketi kando yake kwenye vumbi, akafungua daftari gotini, akaandika.